Kabla ya pevingi, kaa mtaani: kwa mnaoanza kazi ya kufufua mitaa ya biashara

Ukikabidhiwa mtaa wa biashara uliodorora, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni mchoro. Kwenye mchoro miti imeshakua, watoto wameshika maputo, na hakuna bodaboda hata moja. Uweke mezani kwanza. Chukua daftari na kalamu, nenda ukakae mtaani siku tatu: Jumatatu, Ijumaa na Jumamosi, tangu makufuli ya kwanza yanapofunguliwa mpaka mlinzi wa usiku anapotandika boksi lake.

Nimeifanya kazi hii miaka kumi na sita, mwanzo nikiwa ofisa mipango miji katika halmashauri, baadaye upande wa pili wa meza, kwenye umoja wa wafanyabiashara. Nawaandikia nyinyi mliotoka chuo juzi, na makatibu wa umoja mliochaguliwa mwaka huu mkakuta faili la mradi linawasubiri. Mtaa niliojifunzia ni wa mji mmoja wa mwambao. Siutaji, kwa kuwa wengi ninaowasimulia bado wapo pale wanauza.

Daftari liwe na safu tatu: wanaopita, waliosimama, waliokaa. Kila nusu saa hesabu kwa dakika tano, andika. Wakubwa watakuuliza safu ya kwanza, maana ndiyo inayojaza ripoti. Mimi naitazama ya pili na ya tatu. Mtaa unaweza kupitiwa na watu kutwa nzima wakikimbilia daladala, na bado maduka yakafa. Anayenunua ni yule aliyepunguza mwendo. Kivuli, benchi, taa, mtaro, tamasha, vyote nitakavyovieleza hapa vina kazi hiyo tu: kumpa mpita njia sababu ya kusimama, na aliyesimama sababu ya kukaa kidogo zaidi.

Mtaa wetu ulikuwa wa vitambaa na vyombo, umelala kaskazini kwenda kusini. Asubuhi watu wote walitembea upande wa mashariki. Ikifika saa saba mchana, kama walioambizana, walihamia upande wa pili. Wenye maduka yanayopigwa na jua walishusha geti nusu na kuning'iniza kanga mlangoni ili vitambaa visipauke, na mteja aliye ng'ambo akitazama anaona duka limefungwa. Kipindi kile kila kikao kilisema biashara imeuawa na soko jipya la pembeni ya mji. Kulikuwa na ukweli ndani yake. Lakini nusu ya mtaa ilikuwa inafungwa na jua kila siku, saa saba mpaka saa kumi, na hakuna taarifa hata moja iliyokuwa imeandika jambo hilo. Nililiona siku ya pili ya kukaa, nikiwa nimehamisha kiti changu mara mbili kukimbia joto.

Basi anzeni na kivuli. Tulipopata fedha za miti, mkandarasi alituletea ile mirefu myembamba inayosimama kama mishumaa, inayopandwa sana kwenye mageti ya nyumba. Inapendeza na haigusi nyaya za umeme, lakini kivuli chake hakimtoshi mtu mmoja. Baadaye tukaing'oa tukapanda mikungu na miarobaini. Mkungu hutanda matawi kwa tabaka, kivuli chake ni kipana na kinakuja mapema. Ubaya wake ni majani: ni makubwa, yanapukutika mengi kwa wakati mmoja, na yote yanaelekea mtaroni. Mwarobaini unavumilia ukame na mtu akiusahau unamsamehe. Mti wowote utakaochagua, dai shimo la mita moja kwenda chini na mita moja upana, na juu pabaki udongo wazi. Mti uliobanwa na zege kila upande ama unadumaa ama unainua pevingi zako zote.

Mche unahitaji maji misimu miwili ya kiangazi, na hapo ndipo miradi mingi inapoumbuka. Miche tuliyoiacha mikononi mwa halmashauri ilikauka. Iliyokabidhiwa duka kwa duka, mwenye duka akichagua mwenyewe mti gani usimame mbele yake, mingi iliishi. Wakati mnasubiri mti ukue, tandikeni maturubai ya kivuli upande wa jua, yote kwa kimo kimoja, juu kiasi cha kumpitisha mtu aliyebeba mzigo kichwani. Ukimwachia kila mmoja afunge lake, utapata kamba za kunyonga watu shingo.

Sasa nieleze kosa ambalo mpaka leo linaniuma.

Kwenye kona ya mtaa ule kulikuwa na baraza ya saruji, imejengwa na mwenye nyumba zamani, inachomoza ndani ya hifadhi ya barabara. Jioni alikuja pale mzee wa kahawa na birika lake la shaba, jiko la mkaa, vikombe vimelala kwenye bakuli la maji, sahani ya kashata pembeni. Wazee walikaa wanacheza drafti, wanabishana mpira na siasa mpaka saa tatu usiku. Katika mchoro wetu baraza ile ilikuwa ni mstari mwekundu wa kuondolewa, njia ya miguu inyooke. Tuliivunja asubuhi moja, kazi ya saa mbili.

Mzee wa kahawa akahamia nyuma ya msikiti. Wazee wakamfuata. Ndani ya mwezi mmoja maduka ya kona ile, yaliyokuwa yakifungwa saa mbili usiku, yakaanza kufungwa magharibi. Nilimuuliza muuza kandambili kwa nini. Akaniambia: "Wale wazee hawakuwa wakininunulia kitu, lakini walikuwa wananilindia mlango. Sasa ikiingia giza naona niko peke yangu, na mteja naye anaona vivyo hivyo." Tulikwenda kumwomba radhi mzee wa kahawa, tukajenga baraza nyingine ndani kidogo ya mstari, na akarudi. Si wote waliorudi naye.

Waliojenga Mji Mkongwe wa Unguja na mji wa Lamu walilijua jambo hili kabla yetu sote. Baraza ya jiwe mbele ya nyumba ni benchi, ni sebule ya wageni wa kiume, ni mahali pa kupumzisha mzigo, na mvua ikijaza kichochoro ni njia ya kupita bila kulowa. Ukichora benchi lako, lichore kwa akili hiyo: mgongo kwenye ukuta, uso kwa wanaopita, upana wa kutosha watu wawili kuweka bao katikati yao. Benchi lililowekwa katikati ya jua, au linalotazama ukuta, litakaliwa na mizigo.

Jambo hilo linanipeleka bustani ya Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Unguja. Kila kijana ninayemfundisha kazi namtaka aende pale, afike saa kumi jioni na aondoke saa nne usiku. Bustani ile ilitengenezwa mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar. Ilipochakaa ilikarabatiwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009: ukuta wa bahari ukaimarishwa, mifereji, taa, njia na nyasi zikatengenezwa upya. Yote hayo mkandarasi mzuri anaweza kuyafanya. Kilichonishika mimi ni kwamba wachoma pweza na mishikaki, wakamua miwa na wauza urojo wamebaki kuwa kiini cha mahali penyewe. Jua likikaribia kuzama vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani, watu wanasimama kuwatazama, moshi wa majiko unaanza, na aliyesimama kutazama anajikuta ameshika sahani. Chunguza mpangilio wake: cha kutazama kiko hatua chache kutoka cha kula, na cha kula kiko hatua chache kutoka pa kukaa. Ukiupata huo kwenye mtaa wako hata kwa udogo, kazi imeanza.

Kuhusu wamachinga, nitasema wazi msimamo wangu. Machinga ni mtu aliyesoma miguu ya wateja vizuri kuliko mshauri yeyote uliyemlipa. Amesimama pale kwa sababu pale ndipo watu wanapopunguza mwendo. Jengo la Machinga Complex pale Ilala, Dar es Salaam, lilikaa muda mrefu likiwa na vizimba vingi vitupu, huku barabara za Kariakoo zikifurika. Ghorofa halina mpita njia, na asiye na mpita njia hana biashara. Najua vilevile kilio cha mwenye fremu anayelipa kodi na leseni halafu mlango wake umezibwa na meza ya mtu asiyelipa. Tulichofanya sisi ni kukaa nao pamoja, chaki mkononi, tukachora chini: hapa meza, hapa mlango, hapa njia ya watu wawili wenye mizigo kupishana. Tulichora na kufuta siku nne. Mstari uliochorwa na wenyewe ulidumu muda mrefu kuliko ule wa rangi ya halmashauri uliosimamiwa na mgambo.

Magari ni ubishi mwingine utakaokutana nao. Mwenye duka atakuapia kwamba wateja wake wanakuja na gari, na ukipunguza maegesho umemfunga. Usibishane naye. Muombe siku moja uulize kila mteja dukani kwake amefikaje. Tulipofanya hivyo, karibu wote walikuwa wametembea, wameshuka daladala au bajaji. Magari yaliyokaa mbele ya maduka tangu asubuhi yalikuwa ya wenye maduka wenyewe. Baada ya siku ile mazungumzo yalibadilika.

Nairobi walilijaribu hilo kwenye Luthuli Avenue, mtaa wa redio na simu, mwaka 2019: serikali ya kaunti pamoja na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, waliifanya barabara ya kwenda upande mmoja, wakapanua njia za miguu, wakaweka miti na mabenchi. Lakini kuondoa gari peke yake hakutoshi. Kigali walifunga barabara ya katikati ya mji mwaka 2015, na kwa miaka kadhaa ilibaki lami pana yenye jua kali, watu wanaivuka tu. Ilipokuja kujengwa upya kwa viti, miti, vibanda na mahali pa watoto, ndipo ikawa Imbuga City Walk inayojulikana leo. Kwa hiyo usifunge barabara ukaiacha tupu kusubiri bajeti ya awamu ya pili. New York walipofunga sehemu ya Broadway pale Times Square mwaka 2009 na samani za kudumu hazijafika, waliweka viti vya kukunja vya ufukweni vya bei rahisi, na watu wakakaa siku ileile. Viti vya plastiki vya kukodi kwenye shughuli vinatosha kukufundisha wapi benchi la saruji liwekwe. Vihamishe, tazama watu wanavivutia wapi, halafu ndipo umwage zege.

Mtaro haupigwi picha, na wanasiasa hawaukatii utepe, lakini ndio utakaokuaibisha. Sisi tulifunika mtaro wetu kwa mifuniko mirefu ya zege, mizuri, imenyooka. Kila mmoja ulihitaji wanaume wanne kuuinua, kwa hiyo haukuinuliwa. Mchanga, chupa na majani ya mikungu vikajaa kimyakimya miezi minane, na masika ya kwanza maji yakaingia kwenye maduka ya vitambaa. Niliona majora ya vitambaa yameanikwa kwenye kamba mtaa mzima, rangi zimetoka zimeingiliana. Waliopata hasara ile walikuwa walewale waliotuamini. Tangu siku hiyo nadai mifuniko mifupi, yenye matundu mawili ya kuingiza ndoano za nondo, watu wawili wainue, na chemba ya wavu kila baada ya hatua chache. Nadai pia mkandarasi anionyeshe kimo cha barabara mpya mbele ya kila kizingiti kabla hajamwaga kifusi. Barabara ikipandishwa kimo, kila duka linakuwa beseni.

Halafu hakikisheni wenye mabomba na nyaya za chini ya ardhi wamemaliza kazi zao. Tulikwisha kupanga pevingi mwezi Agosti. Novemba taasisi moja ya huduma ikaja kuchimba kupitisha bomba, ikarudisha pevingi zikiwa na mawimbi. Barabara za mitaa kwa Tanzania Bara ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, nguzo zina mwenyewe, maji yana mwenyewe, nyaya za simu zina wenyewe. Waite wote kwenye meza moja, kila mmoja asaini kwamba hana mpango wa kuchimba. Karatasi ile haina nguvu ya mahakama, ila inampa mtu aibu.

Taa nitazigusa kidogo tu. Nguzo ndefu za barabara kuu zinamulika paa za magari na kuacha uso wa mtu gizani, na mti ukikua unaifunika taa yote. Weka taa fupi, chini ya matawi, karibu karibu. Mwanamke anayefunga duka saa mbili usiku anataka kuona uso wa anayemjia.

Sasa matamasha, mahali ambapo vijana wengi wanapaharakia.

La kwanza letu lilikuwa na jukwaa, spika kubwa kuliko milango ya maduka, msanii kutoka Dar na hotuba nne. Umati ulikuja kweli. Ulisimama umeyapa maduka mgongo, ukitazama jukwaa. Muuza vyombo hakuweza kusikia mteja anauliza bei, akafunga. Kufika usiku kulikuwa na takataka za kujaza lori na duka moja lilikuwa limeibiwa. Picha zilipendeza sana na ripoti ikapongezwa. Wenye maduka walikaa mwaka mzima hawataki kusikia neno tamasha, na walikuwa na haki.

Tulipoanza upya tuliondoa jukwaa kabisa. Tukachukua kipande kimoja tu cha mtaa, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mishahara ikiwa imeshaingia, saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku. Kila duka likatoa meza moja nje. Mama lishe wakapewa upande wenye maji. Na mwanamke mmoja wa duka la kanga akaleta wazo ambalo ningelipa fedha kulipata: tuwatoe mafundi cherehani vibarazani, wakae katikati ya mtaa.

Mnajua kanga inauzwa kwa doti, mbili zimeungana, hazijakatwa wala kupindwa. Mtu akinunua anakwenda nazo nyumbani, au anamtafuta fundi siku nyingine. Jioni ile akinunua anavuka hatua tatu, anampa fundi, fundi anakata, anapinda, mteja anasubiri. Dakika kumi na tano hivi. Mguu wa fundi unakanyaga, sindano inalia, watu wanazunguka kusoma majina ya kanga kwa sauti, wanacheka, wanabishana jina lile limemlenga nani. Anayesubiri ananunua juisi ya ukwaju. Mwenzake aliyemsindikiza anaona kanga nyingine. Mtoto ameshaona bisi. Safu ya tatu ya daftari langu, waliokaa, ilijaa jioni ile kuliko siku yoyote niliyowahi kuhesabu. Gharama yetu ilikuwa kubeba vyerehani na kununua balbu.

Tafuteni kitu cha namna hiyo kwenye mtaa wenu, kazi ya mikono ambayo mteja anaisubiri. Fundi viatu, mchonga mihuri, msuka nywele, mpaka hina, fundi saa. Kungoja kwa raha kunauza.

Msibuni sikukuu mpya wakati kalenda yenu imejaa. Kumi la mwisho la Ramadhani mtaa wa nguo unajiendesha wenyewe usiku baada ya tarawehe; kazi yenu ni taa, ulinzi na nafasi ya kupita. Januari ni sare za shule. Kusini kuna msimu wa korosho. Maulidi ya Lamu yanajaza mji kila mwaka kwa sababu ni ya watu wenyewe, wanayachangia na kuyapokea kwa mikono yao. Tamasha kubwa linalosimama kwa wafadhili ni zuri likiwepo, nami nalipenda, lakini kumbukeni kwamba hata Sauti za Busara, lililoanza Unguja mwaka 2004 na kujulikana duniani kote, lilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Likitokea hilo kwa tamasha lenye jina kiasi kile, lenu litakuwaje? Jumamosi yenye vyerehani na balbu haimhitaji mfadhili.

Mambo madogo ya siku yenyewe: barua ya polisi ipelekwe mapema na nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Imamu aulizwe kabla, si kuarifiwa. Muziki unyamaze adhana ya magharibi ikianza na usirudi mpaka watu wametoka kuswali. Njia ya gari la zimamoto ibaki wazi muda wote. Na choo, jamani, choo. Mama mwenye watoto wawili akikosa choo ataondoka baada ya saa moja, hata mngemletea nini. Sisi tuliongea na hoteli ndogo mbili na msikiti, tukawalipia maji na mtu wa usafi, tukabandika mishale. Hilo liliongeza muda wa akina mama kukaa kuliko kitu kingine chochote tulichofanya.

Ratiba ya ujenzi ipangwe na wenye maduka. Msichimbe mbele ya mlango wa mtu Ramadhani, wala Desemba, wala Januari. Ukitoa masika ya Machi mpaka Mei na vuli ya Oktoba mpaka Desemba, kwa mwambao kipindi kirefu kinachobaki ni Juni hadi Septemba. Mkandarasi atalalamika. Chimbeni kipande kifupi, mkifunge, ndipo mwende kingine, na kila duka lipate daraja la mbao tangu siku ya kwanza.

Suala la kodi za fremu liwekeni mezani kabla ya jiwe la kwanza. Mtaa ukipendeza, mwenye nyumba anapandisha, na aliyevumilia vumbi la ujenzi ndiye anayefukuzwa. Tuliwaomba wenye nyumba wasaini kutopandisha kodi kwa miaka miwili. Baadhi walisaini na kutimiza. Wengine walipandisha kabla rangi haijakauka, na tulipoteza mafundi wawili wazuri na duka la vitabu la pekee lililokuwepo. Sina dawa kamili ya hili. Najua tu kwamba walioombwa mapema walikuwa waungwana zaidi kuliko walioombwa baada ya mtaa kung'aa.

La mwisho ni nani atafagia. Wafanyabiashara wa Bloor West Village kule Toronto walipopata reli ya chini ya ardhi miaka ya 1960, wateja walianza kupita chini yao, na maduka makubwa ya kisasa yakawavuta waliobaki. Mwaka 1970 wakaanzisha chama ambacho kila mwenye biashara katika eneo lile alilipa tozo; mji uliikusanya pamoja na kodi na kuirudisha yote kwa chama, kikanunua taa, mabenchi na maua na kuandaa shughuli za mtaa. Kinatajwa kuwa cha kwanza cha aina hiyo duniani. Marekani nayo ina mpango wa kufufua mitaa ya biashara, uitwao Main Street, wa tangu 1980, na mojawapo ya mambo uliyoyashikilia ni kwamba mtaa uwe na mtu anayelipwa, ambaye kazi yake ni mtaa huo tu.

Kwetu tulichangishana kwa hiari, kila wiki, kwa simu, kila duka kwa uwezo wake na meza za machinga zikiwemo. Mapato na matumizi yaliandikwa kwa chaki kwenye ubao pale pale kwa mzee wa kahawa, ambapo hakuna siri inayolala. Wiki ambayo ubao haukuandikwa, michango ilishuka; ilitokea mara mbili na ikatutosha. Fedha ile ilimlipa mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi kwenye kona kwa miaka mingi, anayemjua kila mtu na madeni yake. Wenye maduka wakamwita Mama Mtaa, na jina likakaa.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, anatembea urefu wote wa mtaa na daftari la shule lenye jalada la bluu. Mchana anazungusha wanaohusika, jioni anapiga alama kilichokamilika. Nilipopita mara ya mwisho aliniruhusu kusoma ukurasa wa siku ile. Taa ya tatu kutoka kwa fundi saa haiwaki. Mfuniko mbele ya duka la ndoo umepasuka, watoto wasipite. Mkungu wa nne haujapata maji tangu Jumanne, mwenye duka kasafiri, nimemwagilia mimi.